Koultoumi wa Redio, Aliyesalimia Kwanza

Ifikapo tarehe 30 Juni 2001, Bi Koultoumi atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika Kampuni yetu ya Shaba na Dhahabu, na siku hiyo hiyo atastaafu. Wakubwa wa ofisi ya Moroni walitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, wakawapita wenye vyeti vyao, wakanijia mimi wa stoo. Hawakukosea. Darasa nililiacha mapema, lakini Kiswahili nilikichuma Unguja kwa jasho, na hakuna anayemjua mama huyu kunishinda.

Alizaliwa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, akaolewa Moroni, huku Ngazidja. Siku anaajiriwa, kampuni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bandari ya zamani, na mainjinia wawili waliokuwa wakisaka dhahabu visiwani kwetu. Walichimba Ngazidja, wakachimba Ndzuani, wakapata mawe ya volkano na malaria. Mmoja alilia mpaka kofia ikalowa, niliikamua mwenyewe. Shaba na dhahabu zikaja kupatikana bara. Makao makuu yakabaki Moroni, ila kwa kuwa meli kubwa hazifungi gati hapa, bohari ikajengwa Mutsamudu. Ndivyo kampuni ilivyokuwa na kichwa kisiwa hiki na tumbo kisiwa kile, na shingo ikawa redio ya Koultoumi.

Sauti yake si ya kawaida. Siku moja ya kimbunga redio ilizimika, naye akafungua dirisha akamwelekeza nahodha kwa mdomo mtupu, meli ikiwa nje kabisa baharini. Anayebisha aje stoo, shahidi ni mimi.

Kisha ukaja Agosti 1997, Ndzuani ikatangaza kujitenga. Hapo ndipo kampuni ilipotaka kupasuka.

Kwa ndugu zetu wa bara nieleze kidogo. Sisi shikamoo yetu ni “kwezi”. Mdogo huitoa, mkubwa huitikia “mbona”. Kila asubuhi Mutsamudu ndiyo iliyotoa kwezi redioni, kwa kuwa ni tawi. Baada ya kujitenga, mkuu wa bohari, Bwana Sounhadj, akasema wao si wadogo wa mtu tena, Moroni ndiyo isalimie. Moroni nayo ikasema kichwa hakilisalimii tumbo. Basi redio ikawa wazi pande zote mbili na hakuna anayefungua mdomo. Tulisikiana tukikohoa. Tulisikia mpaka kijiko kikigonga kikombe cha chai kule Mutsamudu. Shaba ikarundikana bohari, meli inangoja.

Mkurugenzi, mtu wa bara aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, alichoka. Akatangaza kwamba Ijumaa ikipita bila Mutsamudu kusema, bohari inafungwa, wapakuzi na makarani wanaachishwa kazi wote, na yeye anatafuta bandari nyingine.

Wengi wao walikuwa jamaa za Koultoumi. Naye hapa Moroni alikuwa ameshaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni kwa sababu ya alikozaliwa. Zahira wa mapokezi alimnong'oneza, “Dada, ukinyamaza utapona. Ukiwabembeleza, watasema wewe ni wa kule.”

“Na wakifukuzwa wote,” Koultoumi akamjibu, “mimi nitakuwa nimepona nini?”

Ijumaa asubuhi alikaa, akavuta kinasa sauti. “Mutsamudu, hapa Moroni. Kwezi, Sounhadj.”

Ofisi nzima iliganda. Koultoumi ni mkubwa kwa Sounhadj, tena alimbeba mgongoni utotoni mama yake alipougua. Mkubwa kumpa kwezi mtoto aliyembeba ni sawa na baba kumbusu mwanawe mkono. Sounhadj angeitikia “mbona”, angejikweza mbele ya bohari nzima, na habari ingefika kwa mama yake kabla ya adhuhuri.

Redio ikakwaruza. “Dada, usinifanyie hivyo. Watu wanasikia.”

“Wasikie. Mimi nimesalimia, nangoja.”

Kisha sauti ndogo, “Kwezi, dada.”

“Mbona,” akaitikia Koultoumi.

Masikini Mkurugenzi alisikia mbona ya Kiswahili. Akadhani mama anaanzisha ugomvi wakati suluhu imeshafika mlangoni. Akamnyang'anya kinasa sauti: “Hakuna mbona! Bwana Sounhadj, hapa hakuna cha mbona, karibu tu!”

Kicheko kilichotoka Mutsamudu nusura kipasue spika. Sounhadj alipopata pumzi akasema, “Huyo ndiye mkubwa wenu mpya? Mfundisheni kuitikia kwanza, kisha tuzungumze habari ya meli.”

Meli ikapakia. Koultoumi hakushangiliwa. Kuna waliomwita sikio la waasi, akaondolewa redioni, akawekwa kwenye simu. Mutsamudu ikakataa kusema na mtu mwingine, akarudishwa. Mwaka 1999, watu wa Ndzuani walipofukuzwa mitaani Moroni, alihamia kwangu Vouvouni na wanawe. Mimi niliketi mlangoni, na kwa umbo hili nililojaliwa, hakuna aliyekuja kuuliza. Hali ilipotulia alirudi kazini, akawasalimu hata wale waliompigia makelele. Hilo mimi nisingeliweza, na mimi ni mtu wa mengi.

Bohari haikufungwa. Hakuna mpakuzi wala karani aliyeachishwa kazi kwa sababu ya kisiwa chake.

Mwezi huu pande mbili zimegombana tena redioni. Moroni tumeshanunua mbuzi wa kumuaga. Mutsamudu wamesema mbuzi ni dharau, wao wana ng'ombe, na aagwe kwao kwanza. Mkurugenzi, ambaye siku hizi huitikia “mbona” vizuri kabisa, ameamua kila upande upike.

Bi Koultoumi, ahsante kwa sauti yako na kwa subira yako. Kula kwetu Jumamosi, ila acha nafasi, maana Jumapili Sounhadj anakungoja uwanja wa ndege wa Ouani na bohari nzima nyuma yake. Tunakutakia uzee wenye afya, na masufuria ya visiwa vyote yasipoe kwa ajili yako.

Youssoufa wa stoo, Moroni