Senti za Kahawia za Verna Matchett

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Wenye maharage jikoni punguzeni moto, maana leo ni Jumamosi, siku ya maharage, na najua kila nyumba hapa mjini Miramichi ina chungu jikoni. Mimi ni Delbert Tozer. Leo tunamkumbuka Verna Matchett, aliyetutoka wiki tatu zilizopita akiwa na miaka themanini na moja. Kwa kawaida kipindi hiki nakifungua kwa maneno matamu. Leo sina. Nimeingia studio na kinyaa rohoni, na kinyaa hicho hakijanitoka tangu siku ya maziko. Nitawaeleza kwa nini, ila taratibu.

Verna Matchett. Miaka themanini na moja. Alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Chatham, binti wa Hazen Matchett wa kiwanda cha mbao. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja. Hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini alikuambia shughulika na mambo yako. Na kwa zaidi ya miaka hamsini alikusanya senti kuukuu za nchi yetu, zile kubwa za shaba zenye sura ya malkia au mfalme, ambazo ziliacha kutengenezwa mwaka 1920. Hakuwahi kulipa zaidi ya dola kumi kwa senti moja. Narudia kwa sababu najua wapo wanaobisha: hakuwahi kulipa zaidi ya dola kumi.

Sasa utasema, mfua mashuka na dola zake kumi atakusanya nini cha maana? Ngoja.

Chama chetu cha sarafu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Ni watu kumi na mmoja, birika la chai na biskuti za molasi. Muuzaji huja na gari lake kutoka mji wa Moncton, anatandaza sinia zake mezani, na wanaume wanazivamia. Kila mmoja anatafuta mwaka adimu, yaani mwaka ambao zilitengenezwa senti chache. Verna alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani, pale penye mwanga, na anaomba aletewe moja moja. Anaishika senti ukingoni kwa vidole viwili, anaiinamisha huku na huku, kama anasoma barua.

"Verna, mama yangu," muuzaji alimwambia siku moja, "hii nimekuwekea wewe. Mwaka adimu huu. Kwako dola sitini."

"Sura yake je?"

"Imechakaa kidogo. Lakini mwaka, mama. Angalia mwaka."

"Mwaka nitausoma kwenye kalenda. Nipe ile ya 1882 pale pembeni, ya dola sita. Huyo malkia bado ana nywele kichwani."

Huo ndio ulikuwa ujanja wake, wasikilizaji, na aliugawa bure kwa yeyote aliyeuliza. Acha miaka adimu kwa wenye pesa. Chukua senti za miaka iliyotengenezwa kwa mamilioni, lakini katika hayo mamilioni tafuta ile moja nzuri. Nywele ziwe hazijafutika. Kusiwe na mkwaruzo shavuni. Rangi iwe kahawia moja, ya chai ya rangi iliyokolea, mbele na nyuma. Ukikosa mwezi huu, kunywa chai urudi nyumbani. Kuna mwaka alirudi mikono mitupu mara tisa, na mara zote tisa alikula biskuti zetu.

Kila senti aliitengenezea kijisanduku cha karatasi ngumu, na ndani yake kikaratasi chenye mwandiko wake. Ninayo ile ya 1911, ambayo mfalme alichorwa bila yale maneno 'kwa neema ya Mungu' kuzunguka sura yake, watu wa wakati ule wakakasirika. Verna ameandika: "Dola tatu. Huyu hakumshukuru Mungu, lakini ana shavu zuri." Nimekisoma mara nyingi wiki hizi, na kila mara nacheka halafu naumia.

Sasa niseme kuhusu kinyaa. Shaba ikikaa miaka mia moja hujivika ngozi. Ile kahawia mnayoiona si uchafu, ni ngozi. Ukiisugua inatoka, na ikitoka hairudi, hata ungoje hadi wajukuu wazeeke. Senti iliyosuguliwa inabaki na wekundu wa ajabu, wekundu wa kuku aliyenyonyolewa. Mtu anayejua sarafu akiiona, anageuza uso. Na hakuna aliyechukizwa nayo kama Verna.

Aliwahi kuja jamaa mmoja na mfuko wa senti zinazometa, amezisugua mwenyewe, anajisifu. Verna akaokota moja. Akaitazama mara moja tu. Akairudisha mezani, akainuka, akaenda msalani, na sote tukasikia maji yanatiririka muda mrefu. Aliporudi mikono ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Bwana," akamwambia, "unanuka siki."

Jamaa hakurudi tena. Sisi tulicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka kuliko wote. Tangu hapo ikawa desturi. Ikija senti iliyosuguliwa, Verna ananawa mikono, sisi tunacheka.

Siku moja nilimchokoza. Nikamwambia, "Verna, wewe kutwa unasafisha mashuka ya watu. Iweje uchukie usafi?"

"Shuka likifuliwa linabaki shuka," akasema. "Na hilo usiniulize tena, Delbert."

Mimi mdomo wangu mnaujua. Nikauliza tena. Akachukua koti lake akaenda zake.

Miaka minne ya mwisho miguu ilimkataa. Rhonda, binti wa kaka yake, akafunga nyumba yake akahamia kwa shangazi. Rhonda ndiye aliyemnyanyua. Ndiye aliyemwogesha, akamkata kucha, akamlisha uji. Sisi wa chama tulikuwa tunapita mara moja kwa mwezi na biskuti, tunakaa nusu saa, tunajiona watu wema.

Na Verna alikuwa ameshasema anachotaka. Alimwambia Rhonda, akamwambia na Eldon Vickers, mwenyekiti wetu. Sanduku lake, senti mia moja arobaini na tatu, liende maktaba ya mji, liwekwe kwenye kabati la kioo pamoja na vikaratasi vyake. "Mtu aingie mle," alisema, "aone kwamba hata mfua nguo anaweza kuwa na kitu kizuri, tena cha bei ndogo." Hilo tu. Hakuomba lingine duniani.

Siku ya maziko tulishuka ukumbini, ule ule wa chini ya kanisa. Sandwichi za mayai, chai, picha ya Verna yenye utepe. Na kando ya picha, sanduku liko wazi.

Nilidhani macho yangu yana kasoro. Nikasogea. Senti zote mia moja arobaini na tatu zilikuwa zinawaka. Nyekundu, uchi, zimekwaruzwa mistari kwa mswaki. Yule malkia wa 1882, mwenye nywele zake, alikuwa amechubuka uso mzima. Harufu ya siki ilipanda mpaka puani.

Rhonda akaja na aproni yake, anatabasamu, amechoka. "Umeziona, Delbert? Siku mbili nimesimama kwenye sinki. Siki na chumvi, moja moja. Nilimwogesha shangazi miaka minne, nikaona na vitu vyake viende vikiwa safi."

Wasikilizaji wapendwa, hapa ningeweza kuruka. Sitaruka. Nilisema, na nilisema kwa sauti hii hii mnayoisikia redioni, ukumbi mzima ukasikia. Nilisema, "Umemchuna ngozi shangazi yako. Ungezitupa mtoni ingekuwa afadhali. Miaka hamsini ya mtu, umeiharibu kwa chupa ya siki." Nikaongeza kwamba Verna angekuwa hai angenawa mikono.

Watu waliacha kutafuna. Eldon akanishika mkono, "Basi, Delbert, inatosha." Rhonda alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Akatoka kupitia mlango wa jikoni, na sahani zake za kuazima akaziacha pale.

Na mimi nilijiona nimetetea haki. Mnasikia hapo? Nilibeba lile sanduku kwenda kwangu nimeinua shingo.

Kesho yake asubuhi nililiweka juu ya meza nione kama kuna hata moja iliyosalimika. Nikatoa sinia ya kwanza. Nikatoa ya pili. Hakuna. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa kimetandikwa, na chini ya kitambaa, kopo bapa la tumbaku, la kizamani. Rhonda hakuwa ameliona. Nikasema, haya, Verna alificha iliyo bora kuliko zote.

Ndani ya kopo kulikuwa na senti moja ya mwaka 1876. Ilikuwa mbaya. Ya kusuguliwa, wasikilizaji, tena zamani sana, imefifia, ina rangi isiyo kahawia wala nyekundu. Nikashikwa na kinyaa kile kile. Kisha nikakunjua kikaratasi chake. Mwandiko ni wa Verna. Nawasomea kama kilivyo.

"Hii ilikuwa ya babu yake Baba, ujira wa kibarua chake cha kwanza. Baba alikuwa anaitoa Jumapili tu, na alimkataza Mama kuipangusa hata kwa kitambaa. Nilidhani anaogopa itapotea. Mwaka 1952, siku yake ya kuzaliwa, nikiwa na miaka tisa, niliisugua kwa siki na chumvi nikampelekea kwenye kisosi. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, asante, Verna, sijawahi kuiona iking'aa hivi. Akaitia mfuko wa shati, na ilikuwa humo siku alipofariki. Nilikuja kujua nilichokifanya nikiwa na miaka ishirini na sita, kwenye mkutano wa sarafu. Baba alikuwa ameshakufa. Hakuwahi kuniambia."

Nilikaa na kile kikaratasi mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo zile mara zote tulizocheka. Yale maji msalani. Tulidhani ananawa uchafu wa wale jamaa. Na mimi, mtu mzima wa miaka sitini na saba, nilimwambia Rhonda kwamba shangazi yake angenawa mikono. Verna angemwambia nini Rhonda, najua sasa. Alikuwa ameliandika jibu lake kabisa na kulifunga ndani ya kopo. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba nimekuja na kinyaa. Siyo kwa ajili ya senti tena.

Nimempigia Rhonda simu kila siku tangu asubuhi ile. Haipokei. Nimekwenda mara mbili, mapazia yamefungwa na gari lipo. Mara ya pili niliacha sahani zake mlangoni, nimeziosha. Jirani aliniambia zilichukuliwa.

Nisiwadanganye. Senti zile zinatisha kuzitazama, na hakuna wa kuzirudisha zilivyokuwa. Eldon alisema tusizipeleke maktaba, watu wanaojua watamcheka Verna. Nikamwambia zinakwenda. Mkutubi amekubali. Zote mia moja arobaini na tatu, na kila moja na kikaratasi chake, na katikati lile kopo likiwa wazi. Atakayecheka asome kwanza.

Verna Matchett. Miaka themanini na moja. Mfua mashuka, binti wa Hazen. Hakuwahi kulipa zaidi ya dola kumi kwa senti moja, na iliyokuwa chini kabisa ya sanduku hakuilipia hata senti.

Pole zetu, sisi wa redio na wa chama, ziifikie familia ya Matchett. Na familia ya Matchett kwa sasa ni mtu mmoja, anaitwa Rhonda. Ninyi wengine mnaonisikiliza, kabla ya kupakua maharage, kaeni kidogo mfikirie. Kuna mtu aliwahi kukuharibia kitu kwa kukupenda. Kumbuka ulimjibu nini. Kama ulimjibu kama nilivyojibu mimi, simu ipo na miguu ipo.

Rhonda, najua redio ya shangazi yako iko juu ya friji, na kila Jumamosi saa hizi huwa haizimwi. Sanduku liko hapa mbele yangu, studio. Nimelifungua. Dirisha liko upande wangu wa kushoto, na jua linaingia.

Asante, Rhonda. Sijawahi kuziona ziking'aa hivi.