Glenys Tregenza Anashuka Kwenye Lori

Ijumaa ya tarehe 31 Mei 2024, Bi. Glenys Tregenza atakabidhi funguo za lori namba saba na kustaafu, baada ya kuitumikia Kampuni ya Usafirishaji ya Gidgee kwa miaka thelathini na minane. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kurasa mbili za kumuaga, na akasisitiza ziwe za heshima. Nitajitahidi. Mimi ni msimamizi wa karakana, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikitengeneza alichovunja yeye, kwa hiyo heshima yangu kwake ina mafuta machafu kidogo.

Alifika hapa Alice Springs mwaka 1986 akitokea Port Pirie, msichana wa miaka ishirini na sita, na akaajiriwa kuosha matela ya ng'ombe. Aliyewahi kuingia chini ya tela la ghorofa mbili na mpira wa maji, siku ambayo ng'ombe wamesafiri tangu asubuhi, hahitaji kuelezwa kazi hiyo ikoje. Wengi huiacha kabla ya mshahara wa kwanza. Glenys aliifanya mwaka mzima, kisha akaenda ofisini kuomba usukani.

Bosi wetu wakati ule alikuwa Nev Haddrick, mtu mwema mwenye sauti ya honi. Nev alimwambia angempa lori kwa moyo mkunjufu, ila mwanamke hawezi kubadilisha tairi peke yake huko porini. Glenys hakubishana. Kesho yake asubuhi Nev aliikuta pikapu yake mwenyewe imekaa juu ya magogo, tairi zote nne zimepangwa mlangoni pa ofisi kama viatu vya wageni, na nati zote zimo ndani ya kikombe chake cha chai. Alipewa lori wiki hiyo hiyo. Nev alilazimika kwanza kumbembeleza azirudishe zile tairi.

Tangu hapo amekuwa dereva wa njia ya jangwa la Tanami, kwenda na kurudi, akivuta matela matatu nyuma yake. Wenzake wa njia hiyo wanajua kwamba Glenys akipishana nawe hukusalimia kwa kunyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama sisi sote, na kwamba vidole viwili ni vya watu wachache sana. Mimi nilinyanyuliwa viwili mara moja tu, na baadaye nikagundua alikuwa anafukuza nzi.

Habari zake za masika ni nyingi. Ninayoipenda ni ya mwaka ule mvua ilipomkamata kando ya kijito cha Kettle akiwa amebeba bia zote za mashindano ya farasi ya Mount Ferris. Barabara ikishalowa hufungwa, na hakuna kosa baya zaidi huku kuliko kuipita ikiwa bado laini, kwa sababu makorongo utakayoyachimba wewe leo yatawavunjia watu ekseli hadi mvua nyingine. Glenys aliegesha akakaa. Siku zikapita. Madereva wengine wakaja wakakwama nyuma yake, wanaume wenye kiu ambao kila asubuhi walikuwa wakilikagua tela lake kwa macho ya mapenzi. Mmoja alijaribu kumshawishi kwamba joto linaharibu bia, na ingekuwa busara kuipunguza kabla haijaharibika. Glenys aliwaokea mkate kwenye makaa, akawapikia chai nyeusi, na usiku akalala juu ya mzigo. Barabara ilipokauka alifika Mount Ferris mashindano yakiwa yameshaahirishwa mara mbili, wilaya nzima ikimsubiri getini. Hakuna kopo lililopungua. Wanasema huo ndio mwaka pekee ambao farasi walianza mbio bila mtu wa kuwatazama, wote wakiwa kwenye bia.

Lakini atakayeniuliza Glenys ni mtu wa namna gani, sitamsimulia habari ya bia. Nitamsimulia habari ya friji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ukame ule mkubwa. Ruby Brannigan, mwenye ranchi ya Lansdowne, alikuwa ameshauza kila mnyama anayeuzika. Walibaki majike wa mbegu, uzao uliochaguliwa na babu yake na baba yake, na majani yalikuwa yamekwisha. Akakodi malisho kaskazini kulikonyesha. Wale majike wakifika, ranchi ingekuwa na kesho. Wasipofika, angefunga mageti na kwenda mjini kutafuta kazi ya dukani. Aliwapakia kwenye matela ya Glenys asubuhi, akatangulia yeye kwa pikapu kwenda kuandaa mahali pa kuwashushia.

Kuna mahali njia ya kaskazini inaacha barabara kuu, na kwa miaka mingi alama ya kupindia ilikuwa friji bovu jeupe, ambalo jirani mmoja aliitwaye Stoltz alilisimamisha pale kuwa sanduku lake la barua. Wiki moja kabla, Stoltz alikuwa amefungua geti jipya akalihamishia friji huko. Alitangaza kwenye redio ya mawasiliano ya malori ili madereva wasipotee. Sote tulisikia. Glenys naye alisikika akijibu kwamba amepata ujumbe. Siku ya safari upepo ulikuwa umebeba vumbi jekundu, hakuona mbali, akaliona friji, akapinda.

Alipotambua kosa alikuwa ameshaingia ndani kilomita kadhaa. Vichaka vilikuwa vinakwangua matela pande zote mbili, na nje ya njia kulikuwa na mchanga laini. Lori la matela matatu halina nyuma. Ukijaribu kulirudisha linajikunja, na ukilitoa nje ya njia linazama. Akasimama. Kipimo cha joto kilikuwa kimepita arobaini, na ng'ombe waliosimama ndani ya tela lisilotembea hawapati upepo. Mmoja akilala chini, wenzake humkanyaga, kisha analala wa pili.

Mimi nilikuwa ofisini kando ya redio kubwa, kwa hiyo hili silisimulii kwa kusikia kwa watu. Sauti yake ilikuja ikiwa imetulia. Alisema amekosea njia, akataja mahali, akasema aliambiwa kuhusu friji na akasahau. Kila dereva kati ya hapa na Halls Creek alikuwa anasikiliza, na wapo ambao wangetafuta upepo au vumbi la kulisingizia. Yeye hakutafuta.

Nev akamwagiza akae hapo hapo. Stoltz alikuwa na greda, lingekuja kumchongea mahali pa kugeuzia. Ila greda lilikuwa upande wa pili wa ranchi, na lingefika jioni. Glenys akamuuliza Nev kama greda hilo litakuja na makoleo ya kuzikia. Kisha akamwita Ruby, ambaye alikuwa ameshafika kaskazini na alikuwa anasikiliza yote kwenye redio ya pikapu.

"Ruby, ng'ombe ni wako na kosa ni langu. Nikikaa hapa watakufa. Hii njia kuna mtu aliichonga, na huku kwetu mtu hachongi njia ila anakwenda kisimani. Penye kisima ng'ombe huwa wamekanyaga uwanja. Nataka kwenda mbele, nikageuzie huko."



"Na kama si kisima?" Ruby akauliza.

"Basi nitakuwa nimekumaliza, na njia ya kurudi sina."

"Wewe ungekuwa mimi?"

"Ningeniambia niende, halafu nisingeniongelesha tena maisha yangu yote."

"Haya, nenda," Ruby akasema. "Hayo mengine tutayaona baadaye."

Nev alivua kofia akaiweka mezani. Alikuwa na haki ya kumkataza, maana lori lilikuwa la kampuni, na mpaka leo namheshimu kwa kuwa hakulifungua domo lake. Tulikaa tukiitazama redio. Sijawahi kuogopa kiasi kile kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Glenys aliendelea kwa gia ndogo, kwa sababu mwendo wa kasi ungelizamisha na mwendo wa kobe ungelikwamisha. Alituambia baadaye kwamba alikuwa anasikia ng'ombe wakianguka nyuma yake, na kwamba kusimama kuwainua kulikuwa sawa na kukubali kubaki pale. Hivyo hakusimama. Njia ikakata kushoto, ikapanda, na hapo akaiona pampu ya upepo.

Ilikuwa imekufa zamani. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka, tangi limetoboka, na hori la kunyweshea limejaa mchanga. Maji hayakuwapo hata ya kulowesha kitambaa. Lakini kuizunguka pampu ile ng'ombe wa vizazi na vizazi walikuwa wamesimama, wakanywa na kukanyaga, na ardhi ilikuwa tupu, ngumu, pana. Glenys aliizunguka mara moja, matela yote matatu yakimfuata, akaichukua njia ile ile kurudi.

Barabarani alisimama, akapanda juu ya matela, akaanza kuwainua walioanguka mmoja mmoja. Wanne hawakuinuka. Wengine wote aliwashusha kaskazini jua likizama. Ruby alisimama upande mmoja wa daraja la kushushia na Glenys upande wa pili, wakiwatazama wakipita. Tela la mwisho likawa tupu. Hapo Ruby akampa chai na mkate wa nyama, wakala wamekaa juu ya tairi la akiba. Asubuhi alimwomba arudi Lansdowne kupakia madume. Tangu siku hiyo hakuna dereva mwingine aliyegusa ng'ombe wa Ruby Brannigan, na waliojaribu kuomba kazi hiyo waliambiwa wangoje Glenys afe.

Karakana yangu, kwa mapenzi, ilimchorea friji jeupe kwenye mpira wa kuzuia tope nyuma ya tairi la lori lake. Hakulifuta. Kila alipofundisha dereva mpya, na amefundisha wengi, wakiwemo wanawake sita ambao leo wanatuendea Darwin na Kununurra, somo la kwanza lilikuwa kumsimamisha mbele ya mchoro ule na kumweleza jinsi yeye Glenys alivyokosea, bila kujipunguzia. La pili lilikuwa nyundo na tairi, kugonga zote na kusikiliza ipi inalia vibaya. Ndiyo maana madereva wetu wanajua kusema "nimekosea" redioni, neno ambalo kampuni nyingine hulilipia wanasheria.

Amepewa tuzo ya usalama mara tatu. Moja inazuia mlango wa choo cha karakana usijifunge.

Sasa nieleze yaliyotokea mwezi uliopita, maana ndiyo sababu nimekubali kuandika. Habari za kustaafu kwake zilipoenea, tulianza kuwa na wasiwasi ambao hakuna aliyeutamka. Glenys hana mume wala mtoto. Miaka yote nyumba yake imekuwa kitanda cha nyuma ya kiti, na chumba cha kukodi hapa mjini ambamo amelala kama mgeni. Alisema atakwenda Adelaide kwa dada yake, kuna chumba kwenye ghorofa ya nne. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya matibabu. Nilimwona siku moja uwanjani amesimama kando ya namba saba, ameweka mkono kwenye mlango, na nikarudi ndani kabla hajaniona.

Kisha Ruby Brannigan, ambaye sasa ana nywele nyeupe, aliendesha pikapu kutoka Lansdowne akaingia kwenye chumba chetu cha chakula saa ya mlo, watu tumejaa. Akavuta kiti mbele ya Glenys.

"Nasikia unakwenda kukaa ghorofani."

Glenys akasema ndiyo, chumba kina mwanga mzuri.

"Mwanga unao hapa, mpaka wa kuchomea nyama. Sikiliza. Lansdowne kuna nyumba ndogo karibu na bustani. Nimeipaka rangi."

"Sitaki sadaka, Ruby."

"Sadaka natoa kanisani. Nina visima kumi na vinne, na kila wiki lazima mtu avizungukie vyote, aangalie pampu, asafishe mahori. Kijana niliyekuwa naye ameoa, amehama. Nataka mtu ambaye akikuta kimekauka ataniambia kimekauka."

Glenys Tregenza alisogeza kikombe chake pembeni. Kisha akauliza pikapu ya kuzungukia ni ya aina gani, na kama breki zake zinafanya kazi.

Ruby akasema hazifanyi.

"Nitakuja nayo karakana Jumatatu," Glenys akaniambia mimi, kana kwamba nilishakubali.

Nimekubali. Kwa niaba ya uongozi, madereva, waosha matela na mafundi wote wa Gidgee, asante, Glenys, kwa kila mzigo uliofika na kwa kila kosa ulilolitaja kwa jina lako. Tunakuombea afya na miaka mirefu, na kila kisima utakachokifikia ukikute kina maji.

Merrick Kuhlmann, karakana