Sampuli Kumi na Moja za Damu

Mgeni rasmi, daktari mkuu wa mifugo, wataalamu mliofuatana naye, majirani, na watoto mliopanda ukutani,

KARIBU

Karibu kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa. Madebe yaliyopangwa mlangoni tumeyang'arisha kwa ajili yako, ila ni matupu. Anayekusomea ni katibu wetu. Risala tumeiandika sote, naye tulimwomba aisome kwa kuwa ana sauti, na kwa sababu nyingine utakayoisikia. Akikwama njiani, tunaomba umvumilie.

HISTORIA

Tulianza wafugaji kumi na mmoja: seremala, mshonaji, mwalimu mstaafu, wajane wawili na wengine, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Wa katibu anaitwa Bi Harusi, kwa jinsi anavyong'aa. Mama yake ng'ombe huyo aliugua akiwa na mimba, akafa siku ya kuzaa. Katibu akamlea ndama kwa chupa, hadi mumewe akalalamika kwamba nyumba ile anayekunywa maziwa ni ndama peke yake.

Mwaka juzi ng'ombe wetu wakaanza kuharisha na kutupa mimba. Bi Harusi peke yake hakuguswa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa ndipo risala za wenzetu hujaa. Sisi tuna fanikio moja, nalo ni la uongo.

Mwaka jana mtaalamu wa maabara alikuja kuchukua damu, nyumba kwa nyumba, ili ijulikane virusi vyetu ni vya aina au koo ngapi na chanjo ipi itavifaa. Tukasikia kwamba ng'ombe atakayekutwa navyo atachinjwa. Woga ukatuingia. Mwenyekiti akasema, "Jamani, si tumtoe Bi Harusi? Yule hata kikohozi hakijui." Katibu akajibu, "Mchukueni, ila arudi kabla ya saa ya kukamua."

Basi mtaalamu akiwa anakunywa chai nyumba hii, Bi Harusi anapitishwa uani kwenda nyumba inayofuata. Ng'ombe wetu tuliwaficha nyuma. Yeye akasimama mahali pao, akala horini mwao, akanywa kwenye ndoo zao. Baka lake jeupe la usoni tulilipaka masizi nyumba moja, nyumba ya pili tukalifuta. Siku mbili, sindano kumi na moja shingoni. Kwa mshonaji aligoma kuingia, ikabidi katibu aitwe ambembeleze. Mtaalamu akasema, "Ng'ombe wenu wanafanana kama watoto wa tumbo moja!" Tulicheka, mgeni rasmi. Tulicheka sana.

Majibu yakaja: sampuli zote kumi na moja zina virusi, tena vya ukoo mmoja, havipishani hata kidogo. Barua ilisema jambo hilo ni la ajabu, maana kwingine hata majirani wawili hukutwa na virusi tofauti. Ndiyo maana leo umekuja na chanjo, na kitambaa hicho nyuma yako kimeandikwa "Kirusi Kimoja, Chanjo Moja".

CHANGAMOTO

Kati ya ng'ombe kumi na mmoja wamebaki watano. Ndama wa mwalimu mstaafu alizaliwa kipofu. Mwalimu humshika kichwa na kumpeleka chuchuni. Ng'ombe wa seremala alisimama, akatetemeka, akaanguka, hakuinuka tena.

Daktari wa mifugo aliyeitwa kwa seremala alipima mizoga miwili, wa hapo na wa jirani, akakuta koo mbili tofauti, na mmoja tu ndio ule wa kwenye barua. Akatueleza kwamba yuko ng'ombe anayeambukizwa tumboni mwa mama yake, akazaliwa mzima wa kutazama, akaishi miaka akimwaga virusi kwa mate na pumzi. Kisha, kwa kuwa tulikwisha kumtajia ng'ombe wa katibu asiyeugua, akauliza, "Huyu Bi Harusi amewahi kutoka bandani kwake?"

Katibu alitazama chini, nasi tukatazama chini pamoja naye.

MAOMBI

Tunaomba chanjo hii isipelekwe kwa wafugaji wengine kwa ushahidi wa damu yetu. Wataiamini, na ng'ombe wao watakufa wakiwa wamechanjwa. Tunaomba damu ichukuliwe upya, kila nyumba ng'ombe wake. Mtaalamu yule asilaumiwe, aliandika tulichompa. Tunajua tunaomba tukiwa tumechelewa, na pengine unajuta kuja.

Ombi la mwisho katibu amelifuta mara mbili, nasi tumeliandika tena. Bi Harusi amefungwa nyuma ya jengo hili. Hana dawa, na akibaki, wale wanne wengine watawafuata waliokufa. Lazima aondoke leo. Tunaomba kamba yake ishikwe na mtu asiyemjua. Akishikwa na mmoja wetu atakwenda bila kusita, akidhani anapelekwa nyumba inayofuata na kwamba atarudishwa kabla ya saa ya kukamua.

Mungu akulinde njiani, na ayalinde mabanda ambayo hatujayafikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafugaji Tuaminiane

Imesomwa na katibu, mwenye Bi Harusi.