Wadudu wa Maji ya Chumvi

Mwakeye, ndugu zangu. Nimeambiwa leo ni zamu yangu ya kusimulia kwenye kikundi chetu hiki cha watu wenye ulemavu, nami sina pa kukimbilia, kwanza kukimbia kwenyewe siwezi. Nitasimama kidogo, nikichoka nitakaa. Humu ndani sote tunajuana.

Wengi wenu mnanifahamu kwa hii fimbo. Kabla ya fimbo nilikuwa mzamiaji. Nimezaliwa Kalinzi, milimani kwenye kahawa, maji nikiyajua ya ndoo tu, lakini ujana ukanishusha Kigoma, nikajifunza kuzama, nikapata kazi kwa bwana mmoja anayesafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi. Wale wa rangirangi wanaokaa kwenye mawe. Hao huwavui kwa ndoano, unawafuata kulekule chini na wavu wa mkononi, jiwe kwa jiwe. Nilikuwa hodari, tena nilijijua, na hilo ndilo lililoniponza. Siku moja nilizama mara nyingi kuliko tulivyofundishwa, na mara ya mwisho nikapanda juu mbiombio kwa sababu ya ubishi tu na wenzangu. Mzamiaji akipanda haraka hivyo, hewa inageuka mapovu kwenye damu. Nilifika kwenye boti ninacheka. Kabla hatujagusa ufukwe, miguu haikuwa yangu tena.

Nawaambia, sijaja hapa kusema nimepona. Sijapona. Mguu wa kulia unaamka unapotaka wenyewe.

Nilipotoka hospitali nikawa mtu wa kulala nimegeukia ukuta. Mke wangu anauza dagaa Kibirizi. Alikuwa akirudi na uchovu wake, ananiogesha, ananilisha, anafua, kesho anaondoka tena. Na mimi kazi yangu ilikuwa moja, kununa. Chai ikichelewa, nanuna. Ikiwahi, nasema imepoa. Mnacheka, lakini wako humu wanaojua ninachosema.

Yule bwana hakunitupa. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema ana vifaranga vya samaki, wadogo mno, hawawezi kula chakula cha unga. Wanataka chakula kinachotembea. Akaniletea mabeseni matatu ya vifaranga, pampu ndogo ya hewa, na kopo la mayai ya wadudu wanaoitwa atemia. Ukiyaona hayo mayai utadhani ni ugoro. Unayatia kwenye chupa ya maji ya chumvi, pampu inapuliza hewa, kesho yake au keshokutwa wanatoka wadudu wa rangi ya machungwa, wadogo hata jicho linauma kuwatazama. Akaniambia nikiweza kuwakuza wale vifaranga, kazi yangu imerudi, nitaifanya nimekaa. Nisipoweza, yeye hana kazi nyingine ya mtu wa kukaa.

Alipoondoka nilimwambia mke wangu kwamba nikishindwa hii, nitarudi Kalinzi kwa kaka yangu, nikakae huko, na yeye aendelee na maisha yake. Alikuwa anachambua dagaa, akaendelea kuchambua.

Basi nikaanza. Maji ya ziwa, chumvi ya Uvinza, mayai, hewa. Wakatoka kweli! Siku hiyo nilifurahi, siwafichi. Nikachukua kichujio cha chai na kitambaa, nikaanza kuwawinda humo chupani, juu, chini, pembeni, kama nilivyokuwa nikiwafuata samaki kwenye mawe. Wananikwepa, nawafuata. Ninachotoa ni wadudu wachache na maganda ya mayai tele, nikawapa vifaranga hivyohivyo. Wakala kwa pupa. Baada ya siku chache matumbo yakavimba, na vifaranga wa beseni la kwanza wote wakaelea, wamekufa.

Nikampigia bwana simu. Akasema ni maganda hayo, yanawaziba matumbo, lazima niwatenge wadudu na maganda kabla ya kulisha. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, naelewa. Ndugu zangu, sikuelewa kitu. Lakini nilikuwa nimewafundisha vijana wake kushika wavu, leo nimuulize habari za vidudu? Mdomo ukawa mzito. Nikaongeza tu bidii ya kuwinda, jasho jembamba likanitoka, na beseni la pili nalo likafa.

Likabaki moja. Mchana mmoja nilikuwa nimeinamia chupa, mgongo unaniwaka, nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko. Mke wangu akaingia kutoka sokoni, akasimama mlangoni akiwa bado na beseni lake kichwani, akanitazama ninavyowafukuza wale wadudu. Akasema, "Kweli wewe ni mtu wa milimani. Dagaa hafukuzwi. Anawashiwa taa, anakuja mwenyewe."

Akapita zake uani. Mimi nikanuna, kama kawaida. Kwa nini aniingilie? Yeye ndiye binti wa wavuvi wa Ilagala, baba yake kavua dagaa kwa taa maisha yake yote, lakini dagaa ni dagaa, na hivi vilikuwa vidudu vya kwenye kopo. Nilikaa hivyo mpaka hasira ikachoka yenyewe. Nikazima pampu. Nikaifunika chupa kwa kanga yake, nikaacha uwazi mdogo chini, hapo nikaweka tochi.

Walikuja. Wote. Walijikusanya kwenye mwanga, wakawa donge moja la rangi ya machungwa, na maganda yakabaki yanaelea juu peke yake. Nikawavuta kwa mrija mwembamba, nikawasuuza kwenye kitambaa, nikawapeleka kwa vifaranga. Nililia, jamani. Sikulia hospitali, nikalia kwa ajili ya wadudu.

Beseni la tatu lilikua. Bwana alikuja kuwachukua, akaniletea wengine, na mpaka leo chupa zinachemka pale kwangu. Si kazi nyepesi. Umeme ukikatika wadudu wanakufa, na mgongo wangu hauzoei. Lakini ni kazi, na ule mfuko wa nguo niliufungua.

Namshukuru yule bwana, na ninyi mlionifuata nyumbani wakati nilikuwa sisemezeki. Somo langu ni dogo: kupooza miguu hakukunimaliza, kilichokaribia kunimaliza ni kuona aibu kuuliza, tena kumwonea aibu mtu anayenijua mpaka uchi wangu.

Kuna jambo moja limebaki. Mke wangu amekaa pale nyuma, hapendi kutazamwa, basi msigeuke. Bwana aliponisifu kwa ile tochi, nilimwambia nimeigundua mwenyewe. Mke wangu alikuwa anasikia, alikuwa anatuletea chai. Hakusema neno, siku ile wala mpaka leo. Mama, ile taa ilikuwa yako. Asante. Sijawahi kukuambia, na ilinibidi niwe mbele ya watu ndipo niweze.

Sasa naomba nikae.