Malaika Aliyeshinda

Marijani alijifanya anachezea simu, lakini sikio lake lote lilikuwa kwa wale wanawake wawili waliokutanishwa na Kiswahili humo humo kwenye treni ya Guangzhou, China.

Zainabu, mfanyabiashara aliyekumbatia robota la nguo, alimuuliza Dainess, mwanafunzi wa chuo, mbona mwanawe kavaa nyeupe tupu kama sanda.

"Ni malaika, dada. Leo shuleni kwao ilikuwa Halowini, ile sikukuu ya kujivika mizuka, wenzake wamevaa kama mashetani. Sisi walokole, nikasema wangu hapana. Nikamshonea kanzu ya malaika."

"Umefanya la maana."

"La maana wapi! Kumbe huku nyeupe ni ya msiba. Mwalimu kampa zawadi ya kwanza: mzuka wa kutisha kuliko wote!"

Zainabu alicheka hadi robota likamponyoka. Marijani akaumauma midomo.

"Baba yake kashatuma picha ya mtoto na zawadi yake kwa mama mkwe, Mbeya. Naye kampelekea mchungaji, sasa wanauliza mtoto kashinda nini, watoe shukrani Jumapili."

"Si uwaambie ukweli? Kawashinda mashetani wote."

Treni ikasimama. Dainess alimbeba malaika wake akashuka bila kucheka, lakini Marijani aliona kidole gumba chake kimeshaanza kuandika kwenye simu: "Kawashinda…"