Dakta Verlene Pettway, Aliyewafunza Kujisemea

Lango alilifungua, wengine wakaingia,
Mzigo ameutua, nasi tunamlilia.

Marehemu mama yangu, Dakta Verlene Pettway, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 mjini Yazoo City, Mississippi, akasoma shule za Weusi za mji huo, akahitimu chuo huko Nashville mwaka 1970, na mwaka 1976 akatunukiwa shahada ya uzamivu ya kemia huko Ohio, akiwa Mweusi pekee katika idara nzima. Mwaka 1977 alianza kufundisha katika chuo chetu cha Bethel Springs, mwaka uliofuata akafunga ndoa na marehemu baba, Amos, fundi seremala, nami Lucius, mtoto wao pekee, nikazaliwa tarehe 2 Juni 1981.

Mwaka 1984 mwanafunzi wake hodari, Roosevelt Gaines, aliitwa kwenye usaili wa masomo ya uzamivu, na kila alipoulizwa juu ya utafiti wake, kwa malezi yetu ya kanisani, alimshukuru Mungu, akamsifu mwalimu, akawataja wenzake, hata wasaili wakadhani yeye alikuwa muosha chupa za maabara tu, wakamnyima nafasi. Tangu hapo, kila mwanafunzi wake aliyeomba masomo ya juu au kazi, mama alimsimamisha kwanza aeleze kazi yake katika ukumbi wa chini wa kanisa hili, mbele ya kina mama wazee wa kanisa wenye kofia nyeupe, wakila samaki wao wa kukaanga, na aliyeanza kumsifu mwalimu alikatizwa na mama mkubwa Ernestine, dada ya marehemu: "Huyo tunamjua, mwanangu, tena anapenda sifa. Wewe ulifanya nini?" Wengi walilia ukumbini humo, na ndio leo madaktari, mawakili na maprofesa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Usaili wa mwanafunzi wake wa mwisho, Jerusha Tolliver, ulipangwa tarehe 9 Februari 2023 huko Atlanta, mama akiwa mahututi, Jerusha akaapa haendi, mama akamwambia, "Kufa nitakufa mwenyewe, sihitaji msaidizi. Panda basi." Alifariki adhuhuri ya siku hiyo, wakati Jerusha akiwaeleza wasaili kazi ya mikono yake mwenyewe, bila kulitaja jina la mwalimu wake hata mara moja. Jana alipewa nafasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea vyakula hadi tukakosa pa kuviweka, na walimu wenzake waliomshikia vipindi. Pumzika, mama, kwa amani uliyoichelewesha kwa ajili yetu.

Tumebaki mimi, mama mkubwa Ernestine, na Jerusha, anayeanza masomo Agosti.