Upendo Alipoomba Ngwe

Kamwene, ndugu zangu! Bwana asifiwe sana! Mimi ni bibi niliyeishia darasa la tatu, na huyu mjukuu wangu Upendo namjivunia hadharani. Wa kununa anune!

Macho yangu yamekwisha. Simu ndiyo inanisomea meseji. Lakini ikifika kwenye namba inarukia Kizungu kama mlevi! Tangazo la usharika limeandikwa ibada saa 4, yenyewe inasema "foo". Foo ndiyo saa ngapi? Nimeshafika kanisani watu wanatoka.

Upendo akasema, "Bibi, hii programu inayokusomea ni ya wazi. Watu wa dunia nzima wanaitengeneza bure, anayetaka anaingia. Naenda kuirekebisha."

Akaingia kwa pupa! Hakusalimia mtu. Akabomoa huku, akajenga kule, akawatumia mzigo mzima kama lori la mbao. Wakaurudisha. Mkubwa mno, wakasema, tena umevuruga kazi ya mwenzetu.

Ndugu zangu, mtoto alivunjika! Kompyuta akaifungia kwenye sanduku la vitenge vyangu. Kwaya akaacha. "Bibi, wale ni wasomi. Mimi wa Mafinga nilijipeleka wapi?" Nikapiga magoti nikalia: Bwana, huyu asizimike!

Wiki hiyo tukawa na mgowe, wanawake tunamlimia jirani kwa pamoja. Akaja bi harusi mgeni na jembe lake. Hakurukia kulima. Alisalimia kwanza, akauliza, "Mama, ngwe yangu ni ipi?" Mwenye shamba akampimia kipande kifupi pembeni.

Hapo Bwana akanifungua! Nikarudi nyumbani nikamvuta Upendo sikio. "We mtoto! Wale watu wa kompyuta uliwaomba ngwe?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu arudishiwe mzigo. "Sikuomba, Bibi. Nilivamia shamba zima."

Akafungua sanduku. Akawaandikia salamu, akaomba kipande kidogo: namba za saa tu. Ndugu zangu, wakamkaribisha! Mama mmoja wa nchi ya mbali akamwelekeza. Wakamrudishia tena, akasahihisha, safari hii bila kulia. Wakapokea! Sasa ameomba ngwe nyingine.

Juzi tangazo likaingia. Simu ikasema, "Ibada saa nne." Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia!

Ahsante Yesu! Na wewe uliyefungia kitu chako sandukuni kwa aibu, kitoe. Mtegemee Bwana, kasalimie watu, omba ngwe yako, hata ya pembeni. Atakushika mkono! Mimi leo nimefika hapa kanisani kabla ya mchungaji. Amina!